Vita viishapo, nani hurudisha shamba?

Mjini Voi pana makaburi ya wanajeshi ambayo mtu hawezi kuyapita asigeuze shingo. Nyasi zimekatwa, mawe yamesimama safu kwa safu kama askari gwarideni, na kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Waliolala pale ni zaidi ya mia moja, wengi wao vijana walioletwa kutoka ng'ambo na vita vya 1914 hadi 1918. Sina kinyongo na usafi ule. Maiti hana kosa, naye aliyekufa mbali na kwao anastahili angalau jiwe. Hata hivyo, kila niyapitapo makaburi yale hunijia swali moja ambalo sijapata kulisikia likiulizwa barazani wala bungeni kwa namna lipaswavyo kuulizwa: vita vile vilipokwisha, ni nani aliyekitengeneza kilichovunjika? Wafu wa kigeni walijengewa makao. Walio hai wa Taita na Taveta walijengewa nini?

Swali hili si geni duniani. Naomba ruhusa ya msomaji nimpeleke mbali kidogo, hadi Ufaransa ya karne ya kumi na tano, kisha nitamrudisha Kasigau kabla jua halijatua.

Wafaransa na Waingereza walipigana vita ambavyo wanahistoria wameviita Vita vya Miaka Mia, ingawa kwa hesabu vilianza 1337 na kumalizika 1453, yaani miaka mia na kumi na sita. Si kwamba walipigana kila siku. Palikuwa na suluhu na mapumziko, lakini mapumziko yenyewe yalikuwa balaa, kwa sababu askari asiye na vita na asiye na mshahara hugeuka jambazi. Katika mwaka 1422 alirithi taji kijana wa miaka 19, Charles wa Saba, na huo urithi wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Baba yake, aliyekuwa na wazimu wa kuja na kuondoka, alitiliwa mkataba huko Troyes mwaka 1420 uliomnyang'anya mwana haki yake na kumpa mfalme wa Uingereza. Paris ilikuwa mikononi mwa adui na washirika wake wa Burgundy. Normandy karibu yote ilikuwa imetekwa, na mashamba yake kugawiwa mabwana wa Kiingereza. Kijana yule alikimbilia kusini mwa mto Loire, na maadui zake wakambandika jina la kejeli: mfalme wa Bourges. Ni sawa na kumwita mtu sultani wa mtaa wake.

Wengi wetu tulisoma shuleni habari za Jeanne d'Arc, binti wa mashambani aliyeyaongoza majeshi, akauvunja mzingo wa Orléans, na kumfikisha Charles katika kanisa la Reims kutawazwa tarehe 17 Julai 1429. Tulisoma pia kwamba alichomwa moto Rouen mwaka 1431, na mfalme aliyemvisha taji hakuonekana kufanya jitihada ya maana kumkomboa. Hilo ni doa ambalo halifutiki, nami simtetei. Miaka 25 baadaye, mwaka 1456, hukumu iliyomwua ilibatilishwa, mama yake akiwa bado hai. Ilikuwa heri kuliko kutofanyika kabisa, japo msichana alikwisha kuwa majivu.

Lakini mfalme huyu mzito wa kuamua, asiye shujaa wa upanga, ndiye aliyeirudisha nchi. Mwaka 1435 alipatana na Burgundy, akamlipa adui wa jana gharama kubwa ya heshima na ardhi ili amtenge na Mwingereza. Mwaka 1436 majeshi yake yaliingia Paris. Mwaka 1449 Rouen ilifungua milango, mwaka 1450 Normandy yote ikarudi, na mwaka 1453 vita vya Castillon vikakata mzizi wa fitina huko kusini-magharibi. Waingereza wakabakiwa na mji mmoja tu, Calais.

Ushindi wa silaha, hata hivyo, si jambo nililolifuata huko. Nimelifuata lile alilolitenda juu ya askari wasio na kazi, juu ya watu walioshirikiana na adui, na juu ya mashamba ya waliokimbia. Haya matatu ndiyo mizani ya kupimia kila serikali inayodai kwamba vita vimekwisha.

Kwa habari ya askari, vikosi vilivyoachwa bila mshahara vilikuwa vikizunguka vijijini na kupora hata nguo mwilini. Watu waliwaita Wachuna Ngozi. Mwaka 1439 Charles alitoa amri kwamba hakuna bwana mwingine awezaye kukusanya jeshi ila mfalme, na mwaka 1445 aliwachagua walio bora miongoni mwao, akawapanga katika vikosi vya kudumu, akawalipa mshahara na kuwakagua. Waliosalia waliamriwa warudi makwao. Fedha zilitoka katika kodi, nayo kodi hiyo haikuondoka tena. Wajukuu wa walipakodi wale waliilaani kwa karne tatu na zaidi. Basi asidhani mtu kwamba namchora malaika. Hata mfanyabiashara Jacques Cœur, aliyemkopesha mfalme fedha za kuikomboa Normandy, alikamatwa mwaka 1451 na mali yake ikataifishwa. Asante ya punda, kama tusemavyo.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Wenyeji wa Paris walikuwa wameishi chini ya Waingereza miaka 16. Kuna waliowahudumia kama makarani, kuna waliowahukumia kesi, kuna waliowauzia nyama na divai. Majeshi ya Charles yalipoingia, msamaha ulitangazwa. Miji mingi iliyojisalimisha baadaye ilipewa barua za kusamehewa na kuthibitishiwa haki zake. Kwa nini? Kwa sababu mfalme alitambua kwamba mtu wa kawaida, jeshi linapomkalia kichwani, hana uhuru wa kuchagua bendera.

Hapo ndipo nimrudishapo msomaji nyumbani.

Agosti 1914, vita vilipokuwa havijatimiza hata mwezi, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Kilimanjaro wakaitwaa Taveta. Kwa mwaka mmoja na nusu sehemu ile ya nchi yetu ilikuwa chini ya bendera ya Kaiser. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kwenda magharibi, kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau na mbele yake, ili wapate njia ya kupitisha jeshi na maji. Wajerumani nao walituma vikundi vidogo kupita katika nyika kavu kuja kulipua reli kuu ya kwenda Uganda. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, likiwa na vikosi vipya kutoka Afrika Kusini, lilikipanda kilima cha Salaita na kutimuliwa vibaya. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, likarudi kwa nguvu, likaipata Taveta, likapigana usiku kucha katika vilima vya Latema na Reata, na Mjerumani akarudi nyuma kuelekea kusini. Vita vikahama na kwenda Tanganyika, lakini machungu yake hayakuhama.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kwetu Taita methali hii haina haja ya kufafanuliwa, maana tembo wenyewe tunao na nyasi tunazo, na mara nyingi nyasi zenyewe ni mahindi ya mtu.

Watu wa Kasigau walikuwa nyasi hizo. Kasigau ni mlima uliojitenga kusini ya vilima vya Taita, umesimama peke yake katika nyika kama kisiwa baharini, na miguuni mwake pana vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Kwa kuwa mlima ule uko kati ya mpaka na reli, Waingereza waliweka kituo cha jeshi pale. Mwaka 1915 Wajerumani walikishambulia kituo hicho na kukiteka. Waingereza walipotafuta wa kulaumiwa, hawakuwalaumu makamanda wao waliokiacha na ulinzi haba. Waliwalaumu wenyeji: eti ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Pasipo kesi ya kumpambanua mwenye kosa na asiye nalo, watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, waliondolewa katika mlima wao na kupelekwa Malindi.

Msomaji aifikirie safari hiyo. Watu wa mlimani, waliozoea hewa ya baridi na chemchemi zitokazo msituni, wanatupwa katika joto la pwani, bila shamba, bila mifugo, katikati ya mbu wasiowajua. Walikufa wengi kwa malaria na njaa. Baadaye waliosalia walirudishwa Taita, lakini si kwao. Waliwekwa Pikapika, upande wa Mwatate, wakaishi hapo kama wageni wa jamaa zao, mlima wao wakiuona kwa mbali. Iliwabidi wangoje hadi miaka ya 1930 ndipo wakaruhusiwa kurudi Kasigau. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuondoka alirudi akiwa mtu mzima, pengine na mtoto wake mgongoni.

Sasa tupime. Charles aliwasamehe Waparisi ambao kweli, mchana kweupe, walimtumikia adui yake miaka 16. Serikali ya kikoloni haikuweza kuwasamehe watu wa mlima mmoja kwa tuhuma ambayo haikuletwa mbele ya mahakama yoyote. Mfalme wa enzi ambazo vitabu vya wazungu wenyewe huziita enzi za giza alijua jambo ambalo dola kubwa ya karne ya ishirini haikutaka kulijua. Ama tuseme ililijua, lakini ililiweka akiba kwa ajili ya watu wa rangi nyingine.

Naja kwenye la tatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mnamo Agosti 1429, akiwa Compiègne, wiki chache tu baada ya kutawazwa, na wakati nusu ya nchi ingali kwa adui, Charles alitoa amri kuhusu mashamba. Wale walioacha ardhi zao kwa ajili ya kumwunga mkono watarudishiwa, hata ikiwa adui amekwisha kuwapa wengine, hata ikiwa zimeuzwa na kuuzwa tena. Hati ya adui si hati. Amri hiyo haikuwa na makali yoyote siku ile, kwa kuwa mashamba yenyewe yalikuwa Normandy na Normandy haikuwa yake. Lakini iliandikwa, ikangoja. Miaka ishirini baadaye, Normandy iliporudi, waliofukuzwa walikuja na karatasi zao, na mahakama kuu ya Paris ikajaa kesi. Haikuwa kazi safi. Palikuwa na watu walionunua kwa nia njema wakajikuta nje, na palikuwa na wenye nguvu walioitumia sheria kujiongezea. Hata hivyo msingi ulikuwa umewekwa: vita havimpi mtu haki ya kudumu juu ya shamba la mwenzake.

Sisi tulipata nini cha kufanana na Compiègne? Vita vilipokwisha, ardhi ya chini ya vilima na ile ya nyika ilihesabiwa kuwa ardhi ya Taji, na Mtaita akaambiwa mahali pake ni mlimani. Katika Taveta palikuja mashamba makubwa ya mkonge. Ewart Grogan, mlowezi yule aliyesifika kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, alijijengea pale jumba juu ya kilima, nalo lingali likiitwa ngome yake hadi leo. Mwaka 1939 vijana wa Taita waliunda chama, Taita Hills Association, wakiwemo Woresha Kitonga Mengo na Jimmy Mwambichi, ili kuutetea udongo huu kwa barua na mikutano. Mwaka 1940 chama kilipigwa marufuku pamoja na vile vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wakatiwa kizuizini. Kisingizio kilikuwa vita, safari hii vita vya pili. Ajabu ya mambo: vita vya kwanza vilitumika kuwanyang'anya watu ardhi, na vita vya pili vikatumika kuwanyamazisha walioidai.

Kisha, mwaka 1948, ikatangazwa mbuga ya Tsavo. Leo mbuga hizo mbili, Mashariki na Magharibi, zimemeza zaidi ya asilimia 60 ya kaunti nzima. Sipingi kuhifadhi wanyama. Nauliza tu kwamba, ukitoa mbuga, ukitoa mashamba ya mkonge, ukitoa ranchi, mwananchi wa Taita Taveta amebakiwa na nini cha kumrithisha mwanawe? Katika Taveta wapo watu waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka katika ardhi ambayo kisheria si yao, wakiitwa maskwota mahali ambapo babu zao wamezikwa. Neno lenyewe linauma. Skwota ni mtu aliyevamia, nao hawakumvamia yeyote.

Na pasiwe na mtu wa kuniambia kwamba nyika ya Kasigau ni pori lisilo na thamani, kwa hiyo haidhuru nani anaishika. Nyika hiyo hiyo iliyodharauliwa sasa inauza hewa. Tangu mwaka 2011 ranchi za ukanda wa Kasigau zimo katika biashara ya hewa ya ukaa, miongoni mwa miradi ya kwanza ya misitu ya aina hiyo duniani kuidhinishwa. Mti ukiachwa usimame, kuna mtu Ulaya anayelipa. Wenyeji nao wameonja faida yake kwa ajira, karo na maji, hilo nalikiri. Lakini katika biashara yoyote mgao wa kwanza humwendea mwenye hatimiliki, na aliyekuwa uhamishoni siku mipaka ilipochorwa hukaa mwisho wa foleni.

Wapo watakaonijibu kwamba mambo ya 1915 ni ya kale, na kuyachimbua ni kuchokoza vidonda. Hoja hii niliwahi kuiona ina busara; siioni tena. Katiba yetu ya 2010 yenyewe imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa madai hayo, ikafungua mlango kuanzia mwaka 1895 nchi hii ilipofanywa himaya ya Uingereza. Maana yake Kasigau ya 1915 imo ndani kabisa. Lakini sheria hiyo hiyo ikatoa miaka mitano tu ya kupeleka madai, na ilipofika mwaka 2021 muda ukakatika. Miaka mitano! Watu wa Kasigau walingojea takriban miaka ishirini kuruhusiwa kuukanyaga mlima wao, na wajukuu zao wakapewa miaka mitano ya kutafuta wakili, kutafuta nauli ya Nairobi, na kutafuta karatasi ambazo aliyewafukuza babu zao ndiye aliyekuwa akiziandika. Amri ya Compiègne ingoje mwenye shamba miaka ishirini, ya kwetu isingoje hata sita?

Isitoshe, ushahidi wa mambo haya si lazima uwe karatasi. Upo vinywani. Wazee wa Rukanga na Bungule waliyapokea majina ya waliokufa Malindi kutoka kwa wazazi wao, na kila mzee anayezikwa anazikwa na sehemu ya orodha. Huko ng'ambo wameanza kuona haya: mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyo hiyo inayopanga mawe ya Voi, ilichapisha ripoti ikakiri kwamba zaidi ya laki moja ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina yao popote, wengi wao wakiwa wapagazi wa Afrika Mashariki. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakor. Tume iliomba radhi. Ikiwa tume ya makaburi imeweza kuomba radhi kwa ajili ya wafu, basi wenye mamlaka juu ya ardhi wana sababu gani ya kunyamaza mbele ya walio hai?

Ombi langu ni dogo, wala halihitaji mfalme. Wachunguzi wa ardhi waje Kasigau wenyewe. Wasiwaite wazee Nairobi, wala wasiwaite Voi. Waende Rukanga, wakae chini ya mti siku tatu au nne, wawe na karani ajuaye Kitaita. Waandike nani aliondolewa kijiji gani, nani alikufa Malindi, nani aliishi Pikapika, na shamba la nani lilikuwa na mipaka gani kabla ya 1915. Wachore ramani. Kisha ramani hiyo iwekwe kando ya ile ya ranchi, na ile ya mbuga, mbele ya watu wote, tuone mistari inapopishana.

Waanze na wazee waliotimiza miaka themanini.